Viwavi wa Nyanya Hawakutaka Buibui

Nakumbuka siku moja nilipokuwa kijana, mwanangu. Usicheke. Ni mwaka jana tu, lakini wewe bado uko shule ya msingi na mimi niko sekondari, kwa hiyo mbele yako mimi ni muzee. Niletee kiti.

Siku ile prof wetu wa biolojia, hapa Kasongo, alisema uzi wa buibui ukiupima na chuma cha uzito uleule, chuma kinashindwa. Ila buibui hawafugiki: ukiwaweka pamoja wanakulana, kama wajomba kwenye urithi. Basi wataalamu wamechukua jeni ya buibui, ile amri ndogo ya mwilini inayosema uzi utengenezwe namna gani, wakaitia kwa kiwavi wa hariri. Sasa kiwavi anakula majani yake kwa amani na anasokota uzi wenye nguvu za buibui. Nilisimama juu ya benchi. Kengele ikalia, prof akasema namna ya kuitia atatueleza keshokutwa. Keshokutwa ya nini? Mimi nilikuwa nimekwisha elewa.

Nyumbani, nyanya, mama ya baba, alikuwa na kapu la viwavi wale wanaojifuma pamoja kifuko cha hariri juu ya mti. Aliwalisha majani wanenepe, maana kesho yake jamaa za kijana aliyetaka kumwoa dada yangu walikuwa wanatoka Wamaza kwa pikipiki, naye aliwaahidi viwavi wa kula. Yeye aliona mboga, mimi nikaona kiwanda. Nikakamata buibui kumi na watano, nikawatwanga katika kinu chake, nikapaka majani yote.

Asubuhi nusu ya viwavi wamekufa, nusu wametorokea kitandani mwa dada.

Wageni wakafika, wakanawa, wakaona sombe, majani ya muhogo, peke yake. Mzee wao akanyamaza. Kwetu, mukwe akinyamaza mbele ya sahani, ndoa inatetemeka. Dada alikuwa anauma kitenge chake. Nyanya akaniita katikati ya watu nijieleze, nami nikasema yote, hata kinu.

"Bwana yangu," akasema, maana nyanya huniita mume wake, "mimi nakula kuku tangu utoto. Umeona nyoya hata moja juu yangu?"

Mzee wa Wamaza alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, "Sasa ile jeni inaingia wapi?" Sikujua. Akasema atarudi na mahari, na siku hiyo anataka jibu.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza darasani. Ni kwenye yai, mwanangu! Yai dogo kuliko ufuta, kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Kiwavi akikua nayo, anawaachia hata watoto wake. Siku ya mahari nilimweleza mzee mpaka viwavi wa sahani yake wakapoa.

Kwa hiyo nakuusia: habari ikikuwasha, iache ikuwashe, lakini ngojea mwisho wake. Anayeondoka na nusu ya somo hutwanga buibui. Na chakula cha wakwe usikiguse hata kwa ajili ya sayansi.

Mungu akupe macho ya kushangaa na masikio ya kungojea. Na siku utakapokosea, akupe nyanya kama wangu. Kinu nimekiosha mara saba. Mpaka leo anakinusa kwanza.