Kitabu Kinene cha Fundi Kioo

Mtaa mzima hakukuwa na mtu aliyezilaani simu kama Fundi Kioo, na mtaa mzima hakukuwa na mtu aliyekula kwa jasho la simu kama yeye. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, hata mkewe alilitumia pale tu alipokasirika. Simu ikidondoka uso ukapasuka, hakuna aliyeuliza aipeleke wapi. Ilipelekwa kwenye kibanda chembamba kilichobanwa kati ya fundi viatu na muuza ndoo, na humo angekutwa mwenye kibanda, lenzi imefungwa kwenye jicho la kulia, kibanio mkononi, skrubu zake ndogo kama chawa zimepangwa ndani ya vifuniko vya chupa.

"Vitu hivi vimetuharibia watoto," angemwambia mteja huku akimrudishia simu inayong'aa kuliko siku iliyonunuliwa. "Watoto wa kiume ndio kabisa! Kitabu hawakijui. Si unamwona huyu wangu?"

Mteja angegeuka na kumwona. Kwenye kigoda nyuma ya mlango alikaa mtoto wa miaka kumi, kichwa chini, vidole vikicheza juu ya simu ya mteja mwingine. Walimwita Chaji, maana hakuonekana mbali na waya. Mteja angesikitika, angetikisa kichwa, angelipa na kwenda zake.

Jambo ambalo Fundi Kioo hakuwaambia wateja ni kwamba mtoto yule alikuwa kazini. Kioo kipya kinaweza kuwa na kona mfu isiyosikia kidole. Mtu mzima hukipapasa mara mbili, akasema kizuri, halafu jioni mteja anarudi na matusi mdomoni. Lakini mpe mtoto mchezo wa kukimbia na kuruka, uone kama kuna upenyo ambao kidole chake hakitaupita. Tangu Chaji alipoweza kuketi bila kuanguka, hakuna simu iliyotoka mezani kwa baba yake kabla haijapita mikononi mwake. Mtoto akisema, "Hapa juu pamekufa, baba," pamekufa kweli.

"Nyani haoni kundule," alisema mkewe, aliyeshona mapazia upande wa pili wa soko na hakuwa na muda wa kubembeleza maneno. "Wewe umemlea na kioo, leo unashangaa anapenda kioo."

"Ile ni kazi, mke wangu. Mimi nazungumzia mchezo."

Basi mwalimu wa Chaji akamwita Fundi Kioo shuleni. Alikuwa mama mfupi asiyepandisha sauti, na pengine ndiyo maana watu walimwogopa.

"Baba, mtoto wako ana akili," alianza. "Hesabu anaziweza. Kusoma hasomi, anabahatisha. Akiona neno limeanza na 'm', anataja lolote linaloanza na 'm' na kuendelea na safari. Mwisho wa muhula nitamsikiliza ukurasa mmoja, na wewe uwepo. Akishindwa, atarudia darasa."

Fundi Kioo alirudi kibandani. Yeye mwenyewe aliwahi kurudishwa darasa. Alikaa na watoto wadogo, magoti yamegonga dawati, wakimwita "babu" na kumwuliza wajukuu hawajambo. Hakumaliza mwaka ule. Akaingia mitaani kubeba sanduku la fundi redio, na wanaposema ufundi ni kipaji yeye hunyamaza, kwa kuwa anajua ulianza kwa kukimbia aibu. Aliapa mwanawe hatakaa kwenye dawati lile. Samaki mkunje angali mbichi, alijiambia, akatoka kwenda kwa muuza vitabu vya mitumba.

"Nataka kitabu."

"Cha habari gani?" aliuliza muuzaji.

"Kinene."

"Kinene cha nini, kaka?"

"Cha kusoma! Kwani wewe unauza vya kupikia?"

Muuzaji, aliyekuwa na kitabu kimoja kilichomkalia muda mrefu, hakubishana. Kilikuwa kinene kama tofali. Jalada lilikuwa limebanduka na kurasa za mwanzo zimekwenda nalo. Fundi Kioo alikibeba kwa furaha, akakikatia jalada jipya kutoka kwenye boksi la simu, na juu yake akabandika ile nailoni ya kulinda vioo, kwa ustadi wake wote, bila kuacha hata povu moja la hewa. Kilipendeza. Alikiweka mezani akakitazama kwa mbali, kama mtu atazamavyo nyumba aliyoijenga. Kukifungua hakukifungua, kwa sababu simu za watu zilikuwa zinangoja.

Sheria ikatangazwa. Kila mchana Chaji akitoka shule atakaa kigodani na kusoma kwa sauti, na baba atafanya kazi huku anasikiliza. Simu za kujaribiwa zihamie asubuhi, kabla ya shule, maana kazi ni kazi.

"Macho yangu yako huku," alisema Fundi Kioo akishusha lenzi, "lakini masikio yote mawili ni yako. Soma."

Siku ya kwanza mtoto alijikokota. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, na kipuliza hewa ya moto kilikuwa kinanguruma hata maneno mengi yakaishia njiani. "Endelea, usisitesite," alisema baba bila kuinua kichwa. Siku ya pili mtoto alisoma akitiririka.

"Umesikia?" Fundi Kioo alimwita fundi viatu. "Jana alikuwa anachechemea. Leo maji! Mtoto anahitaji msimamo tu."

Na kitabu chenyewe kilikuwa na hadithi! Alikuwemo Kapteni mmoja aliyeshuka kwenye mahandaki chini ya mji kumtafuta kaka yake aliyetekwa, pamoja na mbwa mwenye jicho moja. Kapteni alikimbia, akaruka mashimo, akaokota sarafu za dhahabu ukutani. Siku ya nne akaangukiwa na jiwe akafa. Fundi Kioo alisikitika kwelikweli. Kesho yake Kapteni akawa mzima, yuko pale pale alipoanzia.

"Si alikufa?" aliuliza fundi viatu, ambaye sasa alileta kigoda chake mlangoni kila mchana, na kiatu cha mtu mapajani.

"Alikuwa na roho tatu," alisema Chaji akifungua ukurasa. "Zimebaki mbili."

"Waandishi hawa!" Fundi Kioo alicheka. "Wanatoa wapi mambo haya?"

Mara moja mtoto alikatisha Kapteni akiwa ananing'inia kwenye daraja, akasema, "Subirini kidogo, kuna tangazo," kisha akashtuka na kukohoa. Wazee wale wawili walidhani ni kikohozi. Mke wa Fundi Kioo alipopita na vitambaa vyake akasikiliza dakika chache, aliuliza ni kitabu gani ambacho mtu anakufa leo na kesho anaruka ukuta.

"Hiyo ndiyo fasihi, mke wangu," alisema Fundi Kioo kwa upole wa mtu aliyeelimika.

Tuseme ukweli, alikuwa amenaswa. Mikono ilianza kupungua kasi. Kapteni akikaribia mlango wa hatari, kibanio kilisimama hewani. Baadaye lenzi ikawa inapandishwa kwenye paji la uso, kiti kinageuzwa, na Fundi Kioo anamtazama mwanawe mdomoni, amekunja mikono, simu ya mtu imelala wazi mezani utumbo nje. Moja aliisahau kwenye moto hadi ikatoa moshi. Mwenye nayo alipopiga kelele aliambiwa asubiri, Kapteni yuko ndani ya maji. Asubuhi wateja walisimuliwa habari hizo bila kuomba, na waliokuwa na watoto waliambiwa siri yake: kitabu kinene, na mzazi asiyelegea.

Siku ya mwalimu ilipofika, Fundi Kioo alivaa shati lililopigwa pasi. Alikalishwa kwenye dawati la watoto, magoti yakagonga ubao, lakini safari hii hakujali. Alitoa kitabu kwenye mfuko akakikabidhi kwa mikono miwili.

"Ndicho anachosoma nyumbani?" aliuliza mwalimu. "Vizuri. Basi asome hiki hiki." Akakifungua katikati, akaweka kidole. "Anzia hapa, mwanangu."

Chaji alimtazama mwalimu. Akamtazama baba yake, aliyekuwa ameshajigeuza na kukunja mikono.

"Kapteni alisukuma lango la chuma," alianza, "na mbwa akakataa kuingia..."

Alisoma kwa madaha, sauti ikipanda na kushuka, vituo mahali pake. Fundi Kioo alifumba macho. Hii ilikuwa sehemu mpya, hakuwahi kuisikia. Mwalimu aliinuka taratibu, akazunguka, akasimama nyuma ya mtoto na kuchungulia ukurasa. Hakumkatiza. Alimwacha mpaka Kapteni akafika kwenye ngazi, ndipo akamgusa bega.

"Inatosha. Baba, hebu njoo unisomee mstari huu."

Fundi Kioo alikwenda kwa majivuno. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukitazama kitabu kwa ndani.

"Mi... mizinga," alisoma. "Mizinga iwekwe mahali pe... penye kivuli, mbali na njia ya watu na mi... mifugo."

Akafunua mbele kumtafuta Kapteni, akakuta malkia anataga mayai. Akafunua nyuma, akakuta namna ya kurina asali bila kuumwa. Jasho likaanza kulowesha shati lililopigwa pasi.

"Mwalimu, wamechanganya kurasa."

"Hawakuchanganya. Ni kitabu cha ufugaji wa nyuki, baba, mwanzo hadi mwisho." Mwalimu alikifunga na kupitisha kiganja juu ya jalada lisilo na povu. "Kwa mdomo mtoto amefaulu kuliko darasa zima. Kwa macho, bado. Shule ikifunguliwa nitamsikiliza mara moja tena, na sitaongeza nyingine."

Walitoka hadi nje ya lango. Hapo Fundi Kioo alisimama, na hasira aliyoibana darasani ikamtoka yote.

"Umenifanya mpumbavu! Mimi, baba yako! Nimewatangazia watu wote! Unakaa, unafunua kurasa, unanitazama machoni, kumbe unanidanganya!"

Chaji aliangalia viatu vyake. Baba alihema, akageukia barabarani, akageuka tena. Alipambana na swali moja kwa muda, likamshinda.

"Na Kapteni? Alimpata kaka yake?"

"Sijui, baba. Nilikuwa bado sijafika huko."

"Sasa kwa nini hukuniambia kwamba huwezi kusoma? Nisingekuua."

"Siku ya kwanza nilisoma kweli," alisema mtoto. "Nilisoma nyuki. Nilikwama mara nyingi, na wewe hukuinua kichwa hata mara moja. Kesho yake nikakuhadithia Kapteni. Ukavua lenzi, ukanitazama." Alisita, kisha akamalizia kwa haraka kama mtu anayeng'oa mwiba. "Nikirudia nyuki, utarudi kwenye simu zako."

Fundi Kioo alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomtazama mtoto huyu kabla ya Kapteni, akakumbuka vidole vyake tu. Ilimuuma, na hakujaribu kuficha kwamba inamuuma. Mbele ya wazazi wengine waliokuwa wakiingia na kutoka, aliketi kwenye ukingo wa mtaro na shati lake jeupe, akamvuta mwanawe pembeni yake, akafungua kitabu mahali popote.

"Soma nyuki," alisema.

"Nitakwama."

"Kwama. Nakutazama."

Chaji aliweka kidole chini ya neno la kwanza. "Ma...," alisema, akainua macho kuhakikisha, kisha akarudi kwenye ukurasa. "Mali... malkia."