Mawazo Niliyopewa Hospitali

Nilikuwa na watoto wawili wadogo na shamba la kabichi huku juu milimani nilipoanza kuumwa ugonjwa usio na jina. Homa ilikuja, ikaondoka, uchovu ukabaki. Magoti yaliniuma. Kumsuka mtoto nywele kulinichosha kama kulima. Ukinitazama, mzima. Hata makalio yalikuwepo.

Mume wangu akanisindikiza hospitali ya mjini. Daktari akanigonga magoti, akatazama ulimi, akapima damu, hakuona kitu.

"Mama, ugonjwa wako ni mawazo."

"Yapi?"

"Hayo uliyonayo."

"Niliyonayo ni kwamba magoti yananiuma."

Akanipa vidonge vyeupe. Leo mjukuu wangu muuguzi, niliyemsomesha kwa kabichi hizo hizo, anasema daktari yule hakukosea sana. Namwacha aseme.

Tukarudi kwa miguu. Tulipoipita Bigwa, pembezoni mwa mji, mume wangu akapunguza mwendo. Hapo akauliza, "Unamwaza nani?"

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na yeye ndiye aliyehamia kwetu. Mwanamume aliye ugenini akisikia mkewe ana mawazo, hafikirii magoti. Akaanza kuwataja wanaume walionunua kabichi zangu, mpaka mzee mmoja kipofu wa sokoni. Mwishowe akahamia kwa dada yake. Nikaogopa kweli. Mgonjwa bila mume, nani atalima? Na nilimpenda, ingawa mambo hayo hatukuwa tukiyasema.

Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, akatuita. Mama yangu akasema ni kijicho cha majirani. Mume akasema daktari kasoma, hawezi kubuni. Mjomba akanigeukia.

"Mawazo ninayo, mjomba," nikasema. "Nawaza watoto watakula nini nikishindwa kulima. Lakini niliumwa kwanza, ndipo nikawaza. Daktari kaanzia mkiani."

"Na huyo mwanamume?" mume akauliza.

"Nani atanitaka hivi? Kupanda kitandani tu napumzika katikati."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mume hakucheka.

"Kwa nini hukuniambia kwamba kulima kunakushinda?"

"Ungeondoka, baba watoto."

"Nimeondoka hivyo hivyo, kwa sababu hukuniambia."

Mjomba akawa anatazama mlango.

Asubuhi nikamkuta mume wangu shambani, analima tuta langu, kombo. Nikakaa chini nikamwelekeza, magoti yakiuma vilevile.