Fanta Nyekundu ya Madame Noi

Kabla ya Carmen, Mama Marcelline alikuwa amekwisha kuwakataa wasichana wawili. Wa kwanza alipiga miayo wakati wa maombi. Wa pili alikuwa na shangazi ambaye, kwa habari za sokoni, alionekana akitoka kwa mganga upande wa Kapolowe. Merdi, mtoto wake wa pekee, aliyameza yote mawili. Angefanya nini? Huku kwetu kijana hatumi wazee kwenda kujitambulisha kwa wakwe huku mama yake amenuna. Lakini safari hii alimwambia mama yake asiulizie kwa watu. Aje amwone msichana mwenyewe, kwa macho yake, kazini.

Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa tatizo. Carmen alihudumia mezani katika mkahawa mpya wa katikati ya mji, ule ambao Likasi nzima iliuita “kwa ba-Chinois”. Mwenye mkahawa, Madame Noi, ni mtu wa Thailand, na alikwisha kuchoka kusahihisha watu. Kwetu mgeni yeyote aliyetoka Asia ni Mchina, kesi imefungwa. Mimi nauza viatu kwenye meza iliyo jirani na vitenge vya Mama Marcelline, na wiki nzima nilimsikia akijiuliza kama mtu aliyeokoka anaweza kula chakula cha watu wasiojulikana wanamwomba nani.

Jumamosi alifunga tangu asubuhi, ili Mungu amfungulie macho amwone huyo msichana vizuri. Kwa hiyo jioni alifika mkahawani na Merdi, akiwa na roho safi na njaa kali.

Acha niseme ukweli, alikula. Waliletewa samaki mzima wa ziwa Tshangalele, samaki tunayemjua tangu utoto, lakini amevishwa mchuzi wa nazi, mchaichai, ndimu na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Mama Marcelline aliangalia sahani, akauliza swali ambalo kila mtu wa Likasi, asiyeshiba bila ugali, angeuliza.

“Na bukari iko wapi?”

Carmen hakucheka. Alikwenda jikoni akarudi na kikapu kidogo cha wali unaonata, akainama karibu na sikio lake.

“Maman, huu banakulaka na mukono. Munafinya tu sawa bukari.”

Alifinya tonge, akachovya, akafumba macho. Aliniambia baadaye kwamba tangu afiwe na mumewe hakuwahi kula kitu kilichomsahaulisha hivyo. Alimtazama Carmen akipita na sinia, mgongo umenyooka, na moyoni akasema huyu ndiye. Alikuwa anasubiri tu Merdi arudi amwambie. Merdi alikuwa ametoka nje kusogeza gari, maana alikuwa amemzibia mtu njia.

Pilipili ikamfikia puani. Akainuka kwenda kunawa.

Kwenye ujia wa kwenda jikoni kulikuwa na sinki, na juu ya sinki rafu nyekundu. Juu ya rafu palikuwa na picha ya mwanamume, vijiti vyembamba vikitoa moshi, ndizi mbili, na Fanta nyekundu iliyokwisha kufunguliwa, mrija umo ndani. Kwetu Fanta iliyofunguliwa na kutiwa mrija huwa imewekewa mgeni. Mama Marcelline alitazama kushoto na kulia. Mgeni hakuwepo. Basi mgeni ni nani?

Damu ilimpanda. Kumbe ndiyo maana chakula kilikuwa kitamu hivyo! Akainua mkono na kuanza kazi ambayo kanisa limempa, ya kufukuza mapepo. Alifunga, alifungua, aliita moto, aliita damu ya Yesu. “Pepo ya Chine, toka! Rudia kwenu, au nom de Jésus!” Alimwaga Fanta yote kwenye sinki, akazima vijiti kwa maji, akageuza picha ikatazama ukuta.

Carmen alifika mbio.

“Maman! Ile ni bwana ya madame.”

“Bwana gani?”

“Bwana yake. Alikufaka hapa hapa, na malaria. Alikuwa napendaka Fanta ile, njo madame anamuwekeaka kila siku.”

Mama Marcelline alibaki ameshika chupa tupu. Sebuleni kwake Shituru kuna picha ya marehemu mumewe, Tshimanga, imezungushiwa maua ya plastiki. Kila asubuhi anaifuta vumbi na kuisalimu, na mjukuu wa jirani aliyewahi kuigusa alichapwa. Aliikumbuka wakati huo, na haya ikamshika toka visigino. Alitamani sakafu ifunguke.

Madame Noi akatokea jikoni, kitambaa begani. Alitazama rafu.

“Ni nani alifanya hivi?”

“Ni minye, madame,” Carmen akasema haraka, akajigusa kifua. “Nilikuwa napanguza, mukono ikagonga Fanta ya marehemu, ikamwangika. Munisamehe.”

Na hapo ndipo Merdi alipoingia, akasikia.

Mama Marcelline alifungua mdomo. Mdomo uleule uliotoka kufukuza mapepo ulikosa neno moja la kweli. Madame Noi alimtazama msichana, akamtazama mama, akageuza mwenyewe picha ya mumewe na kuifuta kwa pindo la blauzi yake.

“Sawa,” akasema. “Leta ingine.”

Waliondoka. Garini Merdi aliendesha mpaka wakapita reli, kisha akaanza.

“Maman, munisamehe. Minye nilimusifia, kumbe haina akili. Kumwanga Fanta ya marehemu, mbele ya bageni! Kama hamumutaki, minye naelewa. Tuache tu.”

Njia ilikuwa imefunguliwa mbele ya mama, pana, bila hata kusukuma mlango. Angenyamaza tu, na mtoto wake asingejua maisha yake yote. Aliniambia kwamba alifikiria kunyamaza. Alifikiria vizuri kabisa, na hilo ndilo linalomuuma kuliko Fanta.

“Geuza gari,” akasema.

“Mumesahau kitu?”

“Geuza. Yule mutoto hakumwanga kitu. Njo minye.”

Merdi alisimamisha gari. Akageuza.

Mkahawani wageni walikuwa wamebaki wachache. Madame Noi na Carmen walikuwa wanakula pamoja kwenye meza ya pembeni. Mama Marcelline alisimama mbele yao na mkoba wake kifuani.

“Madame, haikuwa mutoto. Ni minye nilimwanga. Nilikuwa nawaza ni ya shetani.”

“Najua, maman,” Madame Noi akasema, kwa Kiswahili cha Likasi kisicho na kasoro.

“Mulijua namna gani?”

“Batu bote balikusikia. Mpaka ba meza ya mu mulango. Ulimutuma bwana yangu arudie Chine, na yeye hata hakufikaka kule.”

Kwenye meza ya karibu mtu alikohoa kuficha kicheko. Mama Marcelline alitazama chini, akataka kujua sababu.

“Na juu ya nini hamukusema?”

“Carmen alinifanyia alama na macho,” akasema Madame Noi. “Hakupenda nikuhaibishe mbele ya mutoto wako.”

Mama Marcelline akamgeukia Carmen. Alikuwa amekuja jioni ile kumpima msichana. Alitaka kumwita mwanangu, lakini aliona hana ruhusa hiyo.

“Carmen,” akasema, “utaweza kukubali mama mukwe wa namna hii?”

Carmen alimtazama Merdi, akamtazama mama, kisha akajibu kwa adabu yote kwamba atafikiri.