Kakakuona wa Shamba la Mkonge

Nikimaliza kusimulia hiki kisa mtaniona bwege, na hamtakuwa mmekosea.

Klabu yetu ya kuangalia ndege na wanyama hapa Hale ilikuwa inatafuta kijana wa kuongoza matembezi, na mimi ile nafasi nilikuwa naiota. Siku moja napita shamba la mkonge lililoachwa, nikaona kitu kimejikunja kwenye nyasi, magamba mgongo mzima. Nikajua ni kakakuona. Nikawapigia simu wanachama wote.

Wakaja mbio. Bibi jirani akaja na mahindi, maji na panga, akaviweka mbele ya mnyama ili achague, maana wazee huamini atakachochagua ndicho kinachoonyesha mwaka utakuwaje. Tukasubiri.

"Mbona hapumui?" Mama Mwenyekiti wa klabu akaninong'oneza.

"Anapumulia ndani kwa ndani, mama. Ndivyo walivyo."

Mara akatokea mbuzi, akala mahindi, akampanda kakakuona wangu mgongoni. Kakakuona akabingirika, mizizi ikawa juu. Kumbe ni kisiki cha mkonge, na magamba ni pale majani yalipokatwa.

Mama Mwenyekiti akanishika bega.

"Kuongoza utaongoza, mwanangu. Ila utakuwa upande wa mimea."