Uso wa Kwenye Kioo

Mdogo wangu tunamwita Mkaa kwa sababu alianza kuchora kwa mkaa wa jikoni, ukutani, kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Aliyekuwa akifuta ni mimi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba sanaa ni kipaji tu. Sanaa pia ni dada mtu na ndoo ya maji ya sabuni.

Mama alifariki Mkaa akiwa bado anabebwa mgongoni. Baadaye bomba likapasuka, maji yakaingia chumbani, na picha zote za mama zikagandana. Hatukubakiwa na hata moja. Mkaa alipokua akajitwika kazi ya kumrudisha. Nilimweleza kadiri nilivyoweza: paji pana, nyusi nyembamba, kidevu kimebonyea kidogo. Akachora, akafuta, akachora tena. Baba alikuwa akitazama na kusema, "Umekaribia, mwanangu," kwa sauti ileile anayotumia kwa fundi aliyemharibia kiti.

Chuo cha sanaa kilipompeleka nje kusoma kwa mwaka mmoja, mimi nilinuna. Mwaka mzima, kwenda kujifunza kupaka rangi! Lakini siku ya kuondoka baba alimshika mkono mlangoni.

"Kasome. Ukirudi unipatie mama yako. Siku hizi nikifumba macho naona nguo zake tu, sura siioni."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Huko alipanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane, mpiga pasi wa hotelini. Kilikuwa chumba cha binti yake, aliyefariki kwa ajali ya barabarani. Kabatini mlikuwa na sweta moja ya kijani, na Mkaa aliombwa asiiguse. Sweta haikumsumbua. Kilichomtia hofu ni kwamba mwenye nyumba alikuwa akimwita kutoka chini ya ngazi, na yeye akigeuka, "Abee, mama?", yule mama anamtazama tu, halafu anarudi jikoni.

"Dada, huyu mama haniiti mimi," aliniambia kwenye simu.

Nikamwambia ahame haraka. Akasema chumba kina mwanga mzuri. Wachoraji hawa! Hata kaburini watasifia mwanga.

Chuoni napo mambo hayakuwa mepesi. Mwalimu wake alizitazama sura zote za mama alizokwenda nazo, akasema hazina uhai. "Chora unachokiona," akamwambia. "Usichore pua, chora kivuli cha pua. Kipande kwa kipande. Ukichora unachokumbuka utadanganyika." Na wala hakuwa anakumbuka yeye, maskini. Alikuwa anakumbuka kwa maneno yangu. Alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi darasani.

Siku moja mwenye nyumba akapanda ngazi na picha mkononi. Ilikuwa ya mwisho ya binti yake. Ameitwa kutoka nyuma, amegeuka ghafla, na uso wote umekuwa ukungu. Zile nyingine binti mwenyewe alikuwa nazo kwenye simu, na simu ilisagika pamoja naye.

"Nipatie uso wake," akasema.

Mkaa angekataa vipi? Ombi hilo alikuwa ameondoka nalo nyumbani. Lakini ukungu hauchoreki. Basi akafanya kama wanavyofanya wachoraji wakikosa mtu wa kukaa mbele yao achorwe: akasimamisha kioo kando ya turubai ya kuchorea, akavaa ile sweta kwa ruhusa, akageuza shingo kama yule binti, akachora alichokiona. Nywele alizitoa kwenye picha. Uso aliutoa kwenye kioo, kivuli kimoja kimoja, bila kuutazama wote kwa pamoja. Alipomaliza akarudi nyuma ili auone, na brashi ikamponyoka.

Akanitumia picha kwa simu. Chini yake ameandika: "Dada, nimechora mtu nisiyemjua, ila yeye kama ananijua."

Nilikuwa saluni, nasuka. Vinyweleo vikanisimama. Nikamwacha mteja na nusu kichwa, nikakimbia nyumbani. Baba alikuwa anakunja nguo. Akaishika simu, akaipangusa kwa shati lake, akatazama tena.

"Hii mmeipata wapi? Si zililowa zote?"

Miaka yote hiyo tulisema Mkaa ni baba mtupu. Kumbe ilitakiwa ageuze shingo tu, mama aonekane.

Nikampigia hapohapo. "Ifunge hiyo turubai, uje nayo!"

"Dada, nimeshamwonyesha mwenye nyumba. Ameiita picha kwa jina la binti yake. Amekaa kwenye ngazi, amelia. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie huyo ni mama yetu! Akatafute wake!"

Nilisema hivyo, na sioni aibu. Nimemwona mama yangu baada ya miaka yote ile, halafu mtu mwingine amtundike ukutani kwake? Mkaa alijaribu kuchora nyingine. Kioo kilekile, sweta ileile. Safari hii picha ikatoka Mkaa mwenyewe, macho yamevimba.

Mkaa alipopiga tena, baba akaniomba simu. "Amemtundika wapi?"

"Chini ya ngazi, baba."

"Kuna giza?"

"Kidogo."

Baba aligeukia dirisha letu. "Mwombe amsogeze dirishani. Mama yako hapendi giza. Kisha mwachie."

Mkaa alirudi na cheti, bila turubai. Ile picha ya kwenye simu tuliichapisha, lakini taa ilikuwa imemulika rangi mbichi, na ilipokuzwa nusu ya uso ikawa weupe tu. Baba hushukuru, ila haitazami sana.

Siku hizi Mkaa anafundisha kuchora. Akitoka kazini hukaa kwenye meza ya dirishani na karatasi za wanafunzi wake, ametupa mgongo. Na baba humwita.

"Mkaa!"

Naye hugeuza shingo. "Abee, baba?"

Baba anamtazama tu, mimi nikiwa pale na kitana mkononi, nimesahau nilichokuwa nafanya.

"Basi," anasema. "Endelea."

Mkaa anajua kwamba anayeitwa si yeye. Hukaa vilevile kidogo, shingo imegeuka, kabla ya kurudi kwenye karatasi zake.