Kidole Gumba Kwenye Nguzo

Jumamosi ile nilikuwa nimechoka hata kabla sijafungua mlango wa kanisa. Tangu nistaafu ualimu, kila Jumamosi ninatoka Nyamira kuja Kisii kuwatembeza wageni bure ndani ya kanisa kuu letu la zamani. Waliosema bure ni ghali hawakutania. Mgeni wa bure huja amechelewa, hujipiga picha kwa simu, kisha huniuliza choo kiko wapi. Nami huendelea na habari za madirisha, fimbo yangu ya kuonyeshea mkononi, magoti yakiniuma.

Kituo cha mwisho huwa nguzo iliyo karibu na kisima cha ubatizo. Chini yake, kwenye saruji, pana alama ya kidole gumba. "Ni ya fundi mmojawapo," huwaambia, "hatujui nani." Siku hiyo niliwaomba waitazame vizuri, kwa kuwa Jumatatu nguzo zote zingeanza kubandikwa marumaru. Kamati ilitaka kanisa ling'ae. Sikubishana nao. Nimebishana na watu maisha yangu yote, pumzi imeniishia.

Wageni walipoondoka, nikamwona baba mkwe wangu amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Ekerenyo na jirani, naye jirani akamwacha hapo, akakimbilia sokoni. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho; anachoona ni mwanga tu.

"Tata, umekuja kuomba?" nilimwuliza nikiwa mbali.

"Nimesikia mnaifunika nguzo ya kule kwa ubatizo," alisema. "Nataka kuigusa kabla haijafunikwa."

Hapo nikakwama. Kwetu Wagusii, mzee hamshiki mkono mke wa mwanawe, wala hawaketi karibu. Ni heshima, tunaiita ensoni, na tangu niolewe hatujaivunja, hata siku tuliyomzika mume wangu, yeye akilia upande wake wa kaburi nami upande wangu. Mtu mwingine wa kumwongoza hakuwepo. Nilimkasirikia jirani, nikaikasirikia kamati, nikaikasirikia na desturi yenyewe. Kisha nikamnyooshea fimbo. Akashika ncha moja, nikashika ya pili, tukaenda polepole katikati ya viti vitupu, yeye akijikwaa, mimi nikiguna kwa maumivu.

Kwenye nguzo alipiga magoti kwa shida. Niliweka ncha yangu kwenye alama; mkono wake ukaifuata fimbo hadi ukafika. Kidole chake kikaingia. Kimekonda kwa uzee, siku hizi alama inakipwaya.

"Kumbe ni wewe, Tata! Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kwani sisi huongea?" Alitaka kucheka, akakohoa. "Nilikuwa napiga lipu hapa, wakaja kuniambia mke wangu amejifungua. Mikono imejaa saruji, msimamizi ananiangalia, siwezi kukimbia nyumbani. Nikabonyeza kidole, basi, nikaendelea na kazi."

"Alikuwa amejifungua mtoto yupi?"

"Wa kwanza."

Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyenioa. Kila Jumamosi nimekuwa nikiwaonyesha watu siku aliyozaliwa mume wangu, na kuwaambia hatujui alama ni ya nani. Nililia hapo hapo, bila kujificha.  Mzee alibaki amepiga magoti, akanisubiri.

Nilipotulia, aliinuka kwa kuishika nguzo, akasogea kando ili nipite bila kumgusa, kama ilivyo desturi. Nikainama, nikaweka kidole changu pale alipotoa chake. Saruji ilikuwa bado na joto lake.