Vumbi la Skimu, Nyumba ya Eda

Baba alizikwa Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata mvua iliangusha dari ya chumba cha mbele. Haikuanguka yote. Kipande kikubwa cha jipsam kilijaa maji, kikalegea, kikadondoka sakafuni kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Nilisimama mlangoni nikiangalia lile tope jeupe na sikuwaza chochote. Nilichukua ufagio.

Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Watu walikuja kunipa pole, nikazipokea moja moja na kuziweka pembeni, kana kwamba ni vyombo vya kuazima ambavyo mwenyewe angevifuata. Nilipika uji. Nilianika mikeka. Usiku nililala, asubuhi niliamka, na kati ya hapo hapakuwa na ndoto.

Nyumba yetu iko upande wa Naliendele, pale mji unapoanza kuachia nafasi mikorosho. Baada ya msiba tulibaki wawili, mimi na mama, na mama alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mama alikaa chumba cha ndani, juu ya mkeka, amevaa nyeupe, tasbihi mkononi. Na mama ana pumu. Ukuta mmoja tu ulimtenganisha na kile chumba cha mbele, na harufu ya ukungu ilipita chini ya mlango ikamfuata. Kila siku alikohoa zaidi ya jana. Kuiacha dari vile haikuwezekana.

Nikamwita fundi. Ni Mmakua, na sisi ni Wamakonde, kwa hiyo ni mtani wetu. Ana ruhusa ya kutusema hata msibani, na huitumia yote. Alifunga mbao mpya za jipsam, akaziba maungio, akapiga skimu kuta zote nne kwa puti, ule unga mweupe unaokorogwa na maji na kupakwa kwa bapa. Ulipokauka, kuta zilikuwa na mistari na vijivimbe, na hapo ndipo kazi ya msasa inapoanza. Alifunga karatasi ya msasa kwenye kipande cha ubao, akaanza kusugua kwa mkono. Sisi tulikuwa tumetundika khanga mbichi mlangoni, mbili, moja juu ya nyingine.

Vumbi la puti si kama vumbi la barabarani. Halitui. Linaelea, laini kuliko poda ya mtoto, na linajua njia. Saa nne asubuhi, ukuta wa kwanza ukiwa unakaribia kwisha, mama aliniita kwa mkono kwa sababu sauti haikutoka. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na shimo la chini ya koo lilikuwa linazama kila anapovuta. Dawa yake ya kuvuta haikusaidia. Tukamtia kwenye bajaji, amefunikwa gubigubi, tukaenda hospitali, akawekwa kwenye mashine ya mvuke. Alasiri tulikuwa tumerudi.

Akalia. Hakulilia kifua, alilia kwa kuwa ametoka. Sheikh wa mtaa alituma ujumbe kwamba hiyo ilikuwa dharura na haina neno. Mama alisikiliza hadi mwisho, akanijibu mimi:

"Dharura ni ile ya kwanza. Ya pili nitakuwa nimeipanga mwenyewe."

Shangazi yangu, dada yake baba, alipiga simu kutoka Mikindani akasema kuna chumba kizuri, mama aje apumzike mpaka kazi iishe. Mama alitikisa kichwa kabla sijamaliza kueleza.

"Eda ya baba yako nitaikalia kwenye nyumba ya baba yako."

Zilibaki kuta tatu na dari.

Fundi alikaa barazani, mweupe mpaka kope. Safari hii hakutania mara moja. "Iko mashine," alisema. "Inasugua na kunyonya palepale. Mimi sina. Ningekuwa nayo ningehamia Shangani, jioni natembea ufukweni na viatu vyeupe, ningekuwa nafuata nini kwenye nyumba ya Wamakonde?"

Nikasema nitaitafuta. Nilifurahi, kama neno hilo linafaa, kupata kitu cha kutafuta.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alinitolea mashine yenye shingo ndefu, kichwa cha duara, na mfuko wa kitambaa umening'inia nyuma kama mkia wa kondoo.

"Hii tunaiita twiga, dada. Inafika darini bila ngazi. Mota yake ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Anaitumia nani, shemeji?"

"Mimi."

"Haya, shemeji ana bahati."

Aliiwasha. Nilizunguka nyuma, nikaweka kiganja karibu na mfuko. Upepo ulinipiga mpaka mkono wa gauni ukapepea. Nikaridhika. Nililipa bila kuuliza swali la pili.

Ni lazima nieleze kwa nini niliridhika. Nimekulia shambani, na mashine niliyoijua tangu utotoni ni ile ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Baba aliibeba mgongoni alfajiri, kabla upepo haujaamka, akaelekeza bomba juu, na wingu la njano likapanda mpaka kwenye vilele, kwenye maua yanayoshambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Mkulima akinunua mashine hiyo, wenzake huuliza jambo moja tu: inatupa mbali? Ikitupa mbali ni nzima. Isipotupa mbali ni ya kurudisha. Mimi nilisimama dukani na kiganja changu nyuma ya ile twiga, na kitu pekee nilichokipima ni kwamba inatupa mbali.

Fundi aliijaribu uani, nyuma ya jiko, mbali na dirisha la mama. Aliegemeza kipande cha jipsam chenye puti kavu, akawasha. Puti ilisagika vizuri kabisa. Ikapita kwenye shingo, ikaingia kwenye mfuko, na mfuko ukaitoa yote kupitia matundu ya kitambaa, kwa nguvu, moshi mweupe uliopanda hadi usawa wa paa.

Alizima. Tukakaa tukiliangalia wingu likielekea kwa jirani.

"Mtani," alisema taratibu, "umetuletea mashine ya salfa."

"Nyamaza."

"Nyie watu wa mikorosho mkiona upepo tu, mkono uko mfukoni. Sasa nisugue ukuta au nipulizie maua?" Kisha akapangusa uso, akageuza kile kichwa cha duara na kunionyesha. "Ona. Kichwa hakina tundu hata moja. Vumbi liingilie wapi? Wewe ulipima linapotokea. Kapime linapoingilia. Na mfuko wa kitambaa usiutake tena. Unga huu unapita kwenye nguo. Tafuta ya kufunga bomba, tuichomeke kwenye mashine ya kunyonya ya kweli."

Kesho yake nilirudi dukani nikiwa na ile twiga, kipande cha jipsam, na kikopo cha unga wa puti. Muuzaji alishika kichwa. Kurudisha haikuwezekana, alisema, lakini kubadilisha tungezungumza, maana mimi ni mteja na yeye ni muungwana. Akanitolea kwanza kijimashine cha kushika kwa mkono mmoja, chepesi, cha bei ndogo kabisa. Kifuko chake kilikuwa sawa na soksi ya mtoto. Kwa meza au mlango kingefaa. Kwa kuta tatu na dari ningekuwa nakimwaga kila dakika chache, na kila kukimwaga ni vumbi jipya.

Mashine ya tatu ilikuwa juu kabisa, imelala nyuma ya makopo ya rangi. Shingo fupi zaidi, mota ndogo, na nyuma mahali pa mfuko palikuwa wazi, mdomo tu wa plastiki wa kuchomeka bomba. Niligeuza kichwa chake. Sahani ilikuwa na matundu mduara mzima, na ukingoni palizungushwa brashi ya nywele fupi, ya kuzuia vumbi lisitoroke pembeni.

"Hiyo hawaipendi," muuzaji alisema. "Haina nguvu."

"Misasa yake ipo?"

"Ipo."

"Ina matundu?"

Alinitazama upya. Akaleta pakiti. Nikabandika karatasi moja kwenye sahani. Matundu yalikaa juu ya matundu. Nikauliza kama mwendo unapunguzwa, akanionyesha kigurudumu kidogo cha namba. Nikaomba tuijaribu na mashine ya kunyonya.

"Hapa hatuna, dada."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na sehemu ya kuoshea magari, na kijana mmoja alikuwa ananyonya mchanga kwenye viti vya gari dogo. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Dada," muuzaji alisema, "unanunua mashine au unafungua kiwanda?"

Lakini alikuja. Tulivuka barabara sisi wawili, yeye na mashine, mimi na jipsam yangu. Kijana wa magari alichomeka bomba, likakubali baada ya kuzungushiwa utepe wa plastiki. Nilivua mtandio wangu mweusi, nikabaki na kilemba cha ndani, nikautandaza chini ya kile kipande cha jipsam. Tukawasha zote mbili. Nilisugua kwa muda ambao mtu angesoma Alhamdu mara tatu. Tulipozima, niliinama. Juu ya mtandio palikuwa na chembe chache nyeupe, za kuhesabika. Nikaweka kiganja nyuma ya mashine ya kunyonya na upepo uliotoka ulikuwa wa joto, mkavu, bila unga.

"Kesho Jumatano, magari machache," kijana alisema kabla sijaomba. "Ichukue asubuhi. Tia maji kidogo ndani ya tangi, unga ubaki huko. Mama yako mgonjwa, eh?"

Sikuwa nimemwambia. Labda ilionekana.

Ile mashine ilikuwa na bei ndogo kuliko twiga, na kwa tofauti ya bei nilichukua misasa. Muuzaji alinifungia mzigo bila kutania.

Asubuhi ya kazi tuliiweka mashine ya kunyonya nje, chini ya dirisha la chumba cha mbele, ili pumzi yake iishie uani, na bomba likapita katikati ya nondo. Mlango wa kati tuliuziba pande zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kisha nilikwenda kukaa na mama, na dawa yake ya kuvuta nikaishika mkononi, kidole gumba kikiwa tayari chini yake.

Mlio ulianza. Ulikuwa mnene na wa kulala, ukipita ukutani mpaka kwenye mgongo wangu. Mama alihesabu tasbihi. Mimi niliangalia lile shimo la chini ya koo. Liliingia kidogo, likatoka kidogo. Nililiangalia mpaka macho yakauma. Ukuta wa pili ulipita. Ukuta wa tatu ukapita. Niliinama nikapitisha kidole chini ya mlango, nikakiangalia, nikakipangusa kwenye gauni, nikarudi kukaa.

Wa nne ulikuwa ule tulioegemea. Mlio ukawa nyuma ya vichwa vyetu kabisa, kisha ukazima ghafla. Kimya. Halafu kutoka upande wa pili ikaja sauti ya baba, ile ya mtu aliyeamshwa, ya puani, yenye hasira ya uongo:

"Nani kazima redio? Nilikuwa nasikiliza!"

Baba alilala na redio ikiwaka maisha yake yote, na maisha yake yote alisema hivyo. Fundi alikuwa anamwigiza, kama watani wafanyavyo msibani.

Mama alijifunika mdomo kwa ncha ya nguo yake nyeupe. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kikashuka kifuani, kikamtikisa mabega, na mimi nikapiga magoti mbele yake na dawa nimeinua, kwa sababu kicheko ndicho humletea pumu. Alicheka hadi akaniegemea. Nikasubiri kikohozi. Alivuta pumzi, ndefu. Ikaingia yote. Ikatoka yote.

"Mwambie," alisema akijifuta macho, "redio imekufa betri."

Nilikwenda kwenye mlango uliozibwa nikamwambia kwa sauti.

"Mwambie mjane bado dari," fundi akajibu. "Akicheka sana ukuta unatikisika, sitanyoosha."

Mashine ikawaka tena. Mama akarudi kwenye tasbihi yake, akiwa bado anatabasamu kwa upande mmoja. Nilikaa sakafuni nikisikiliza ndani yangu kama kuna kitu kitakuja pia, machozi au chochote. Kilichokuja ni njaa. Ilikuwa kali kiasi kwamba nilishika tumbo. Niliiweka dawa juu ya mkeka, mahali mama angeifikia, nikaenda jikoni kumenya mihogo.